Wahudumu wetu wamefundishwa alama, mbona bibi bado anajiwa kwa nyuma?

#1 Mhudumu_Makambako
Habari zenu wanajukwaa. Ninafanya kazi katika makazi ya wazee yanayoendeshwa na shirika la dini huku upande wa Njombe, na ninaomba mawazo yenu juu ya jambo linaloninyima usingizi.

Miezi mitano iliyopita tuliletewa semina ya siku mbili kuhusu namna ya kuwahudumia viziwi. Tulihudhuria watu kumi na wanane, tukafundishwa herufi za vidole, salamu, siku za juma na rangi. Hadi leo ukipita jikoni utawakuta wenzangu wakiandikiana majina kwa vidole, tena kwa ustadi.

Sasa tunaye bibi mmoja, kiziwi tangu utotoni, ambaye katika daftari la zamu ameandikwa kuwa ni mkorofi kwa sababu huwapiga wahudumu wanapokwenda kumwogesha. Wiki iliyopita niliomba ruhusa nikakaa chumbani mwake asubuhi nzima nikitazama tu. Kitanda chake kimeelekezwa ukutani, kwa hiyo akilala ubavu wake wa siku zote, mgongo uko mlangoni. Mhudumu aliingia na beseni, akasema, "Bibi, tuoge," akashika blanketi akalivuta. Bibi aliruka kama aliyeangukiwa na kaa la moto, na mkono ukampata mhudumu shavuni. Mhudumu huyo ndiye aliyefanya vizuri kuliko sote siku ya mwisho ya semina. Swali langu ni hili: kwa nini mafunzo yameishia vidoleni?

#2 Mlima_Rungwe
Pole kwa kazi, dada. Kwa maoni yangu jibu ni idadi ya watu. Mhudumu mwenye wazee kumi na wanne wa kuogesha kabla ya saa mbili asubuhi hana nafasi ya kumzunguka kila mmoja na kumtazama usoni, hata umfundishe mwaka mzima. Ongezeni watumishi kwanza, ndipo tuzungumze habari za semina.

#3 Muuguzi_Mstaafu
Mlima_Rungwe, ninakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka thelathini na mmoja, sehemu kubwa hapa Mbeya. Kuzunguka kitanda ni hatua nne. Kumtuliza mzee aliyeshtuka, kubadilisha shuka zilizolowa na kumpaka dawa mhudumu aliyepigwa huchukua nusu saa, kwa hiyo hesabu ya muda iko upande wa hatua nne.

Niseme kisa ambacho nimekibeba muda mrefu. Zamani, katika hospitali ambayo sitaitaja, tulimpokea mama kiziwi akiwa katika uchungu wa kujifungua. Sote tulikuwa na barakoa, tukamwambia asukume kwa kupaza sauti, naye hakujua tunataka nini mpaka mmoja wetu alipomshika mkono na kumwonyesha kwa mwili wake mwenyewe. Mtoto alizaliwa amechoka kidogo, tukamchukua upesi kwenda kumpa joto chumba cha pili. Hakuna aliyegeuka kumtazama mama. Asubuhi yake, mfanya usafi ambaye ana kaka kiziwi aliingia wodini, akazungumza naye kwa mikono, kisha akaja kutuambia kwamba mama yule alikuwa ameomboleza usiku kucha akiamini mtoto wake amekufa. Mtoto alikuwa mzima, yuko umbali wa ukuta mmoja. Nami nilikuwa kwenye zamu ile. Tulikuwa wauguzi wanne usiku huo, hatukuwa na upungufu wa watu.

#4 Kamwene_Iringa
Kamwene wote. Kisa cha mama yetu hapo #3 kimeniuma.

Mimi ninadhani kasoro iko mahali pa kujifunzia. Hapa Iringa tunayo karakana ya Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ambako watu wenye ulemavu hutengeneza vitu vingi, pamoja na karatasi inayotokana na kinyesi cha tembo. Katika mgahawa wao wahudumu ni viziwi. Unakaa mezani, unaandika unachotaka au unaomba kwa alama, na ukikosea unarekebishwa kwa tabasamu. Nimewaona watu wazima wakijifunza kuomba chai kwa alama mara moja tu na wasisahau tena, kwa sababu walikuwa na kiu. Wapelekeni wahudumu wakakae mahali kama hapo siku nzima badala ya ukumbini. Na kwa kuwa lugha ya alama ni moja duniani kote, watakachojifunza kitawafaa popote.

#5 Kiziwi_Mafinga
Salaam. Mimi ni kiziwi, niliugua homa ya uti wa mgongo nikiwa na miaka tisa na usikivu haukurudi. Ninasoma uzi huu kwa makini.

Ndugu Kamwene, mahali ulipopataja panastahili sifa, ila lugha ya alama si moja. Umoja wa Mataifa husema kuna zaidi ya lugha za alama 300 duniani, na yetu ni Lugha ya Alama ya Tanzania, ambayo Mkenya kiziwi huielewa kwa sehemu tu.

Sasa nijibu swali la #1 kwa upande wangu. Wakufunzi wengi huwaambia wahudumu kwamba kama hamjui alama, mtazameni kiziwi na kusema polepole, atasoma midomo. Hebu simameni mbele ya kioo mtamke bila sauti maneno matatu: baba, papa, mama. Midomo inafanya jambo lilelile. Kisha mtamke "tatu" na "tano". Mimi nimesimama kwenye dirisha la dawa, nikatazama midomo ya mtu mwema aliyekuwa akijitahidi kwa dhati, na nikarudi nyumbani bila kujua kama ni vidonge vitatu au vitano. Angeinua vidole tu ningejua. Zaidi ya hapo, huku kwetu Juni na Julai kila mtu amejifunika skafu hadi puani kwa baridi, na midomo yenyewe haionekani.

Wengine husema basi mwandikieni. Rafiki yangu niliyesoma naye alitakiwa kufanyiwa upasuaji, akapewa karatasi iliyoandikwa: "Usile wala usinywe kuanzia saa sita usiku." Kwa kiziwi wa kuzaliwa, Kiswahili ni lugha ya pili, tena ameijifunza kwa macho tu, na silabi ndogo kama "usi" hupotea kirahisi katikati ya neno. Aliona kula, akaona kunywa, akaona saa sita. Akaamka saa sita usiku, akala wali na kunywa chai, kwa utii kabisa, na upasuaji ukaahirishwa. Muuguzi alimgombeza kwa ukaidi. Picha ya sahani iliyokatwa kwa msalaba ingetosha.

#6 Mnyalu_Leeds
Nipo Uingereza, ninafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, kwa hiyo swali hili ni la mkate wangu wa kila siku.

Ninaongezea alilosema Kiziwi_Mafinga: Waingereza na Wamarekani wote huongea Kiingereza, lakini lugha zao za alama ni tofauti kabisa. Hata herufi, Mwingereza huziandika kwa mikono miwili na Mmarekani kwa mkono mmoja.

Semina iliyonibadilisha mimi iliongozwa na mkufunzi ambaye mwenyewe ni kiziwi. Saa nzima ya kwanza hakuna aliyeruhusiwa kutoa sauti. Alituagiza twende mmoja mmoja kwa mwenzake tumwombe kitu kidogo: maji, dawa ya maumivu ya tumbo, taarifa za mwanawe aliyesafiri. Niliposhindwa kueleza kwamba tumbo linaniuma upande wa kulia, nilianza kutokwa jasho, na mwenzangu akaanza kutazama pembeni kwa aibu. Mkufunzi akatusimamisha pale pale akaonyesha macho ya yule aliyetazama pembeni. Hadi leo sijawahi kumwondolea macho mzee kiziwi katikati ya mazungumzo.

Jambo la pili ni jalada. Tangu mwaka 2016 huduma za afya na ustawi wa wazee katika England zinatakiwa kuuliza na kuandika njia ya mawasiliano ya kila mtu mahali ambapo kila mhudumu ataiona. Hata hivyo nisiwadanganye, wafanyakazi wa muda wanapoletwa usiku wengi hawafungui jalada, na asubuhi unamkuta mzee amekasirika vilevile kama bibi wa hapo #1.

#7 Mwananchi_Sheria
Kwetu pia wajibu upo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2004 inagusa huduma za afya na mawasiliano, kwa hiyo makazi ya wazee hayawezi kusema ni hiari.

#8 Muuguzi_Mstaafu
Rekebisho dogo, mwanangu. Ya mwaka 2004 ni Sera ya Taifa. Sheria ni ya mwaka 2010, nayo ilikuja baada ya nchi yetu kuridhia, mwaka 2009, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu uliopitishwa mwaka 2006. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa kuwa sera humwongoza mwenye nia, na sheria humbana asiye na nia.

#9 Mwananchi_Sheria
Asante mama, nimesahihishwa.

#10 Binti_wa_Viziwi
Wazazi wangu wote wawili ni viziwi, nimekulia Tukuyu, na nimekuwa mkalimani tangu kabla sijajua kusoma. Ninaona mmezungumza midomo, karatasi na alama, lakini hamjamgusa mtu anayeletwa kujaza pengo, yaani mtoto.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili mama alipougua ugonjwa wa wanawake. Daktari alinitazama mimi, hakumtazama yeye, akaniambia, "Muulize mama yako kama baba yako ana wanawake wengine." Nilisimama kati yao na mikono ikagoma. Mama aliona uso wangu, akajua kuwa limeulizwa jambo zito, akaniambia kwa alama kwamba twende nyumbani. Hakurudi hospitali kwa miezi minane.

Tunaishi katika mikoa ambayo utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima kuwa asilimia 12.7 Njombe, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 9.6 Mbeya. Hebu fikirini ni viziwi wangapi hupewa majibu ya aina hiyo mbele ya jirani, shemeji au mtoto wa darasa la sita. Ndiyo maana, dada wa #1, ninaamini kasoro ya semina yenu ni kuwaaminisha wahudumu kwamba sasa wanajua lugha. Siku mbili hazimfanyi mtu kuwa mkalimani. Zingewatosha kujifunza wakati wa kusema, "Hapa nimefika mwisho, tumtafute mkalimani," na mahali pa kumtafuta. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ndicho mahali pa kuanzia kuulizia.

#11 Mlima_Rungwe
Dada Binti, pole sana kwa hayo. Lakini mkalimani atatoka wapi saa nane za usiku Makete, wakati hata gari la wagonjwa linasubiriwa? Sibezi, ninauliza kwa sababu nimeyaona.

#12 Binti_wa_Viziwi
Mara nyingi hatapatikana, kaka, nakubali. Ila kuna masuala ya kusubiri kupambazuke na kuna yasiyosubiri, na hata kwa simu ya picha mkalimani wa Iringa anaweza kuzungumza na mgonjwa wa Makete, mtandao ukiwepo. Mnaloweza kufanya usiku uleule, bila mtu mwingine, ni kutomchoma sindano ya dripu katika mkono anaozungumzia. Baba yangu alilazwa siku nne mkono wake wa kulia umefungwa kwenye ubao mdogo. Kwake ilikuwa sawa na kuzibwa mdomo.

#13 Fundi_Usikivu
Ninafanya kazi ya kupima usikivu. Naomba niwarudishe nyuma kidogo, kwa kuwa ninahisi uzi umeegemea upande mmoja.

Katika makazi ya wazee, mtu kama bibi wa #1, aliyekuwa kiziwi tangu utotoni, ni mmoja au wawili. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya robo ya watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60 wamepoteza usikivu kwa kiwango cha kuwalemaza. Hawa hawajui alama hata moja na hawataki kuitwa viziwi. Huku kwetu wapo waliofanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kupasua mbao bila kuziba masikio, wapo waliotibiwa kifua kikuu kwa sindano za streptomaisini au kanamaisini, dawa ambazo zinaweza kuharibu sikio la ndani bila kurudi, na wapo ambao wamezibwa tu na nta. Nimewahi kumkuta mzee ambaye jalada lake lilisema amechanganyikiwa. Nilimtoa nta masikio yote mawili, akaniuliza kwa nini redio ya jirani inapigwa kwa sauti kubwa namna ile.

Wengine wana shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, ndani ya kabati, limekaa miaka miwili halina betri, au betri imewekwa na kibandiko chake. Betri hizi hutumia hewa, kwa hiyo unabandua kibandiko, unasubiri kama dakika moja, ndipo unaiweka. Kifaa kikipiga mluzi sikioni, mara nyingi hakikukaa sawasawa au kuna nta, wala hakijaharibika. Semina inayofundisha rangi na siku za juma, ikaacha betri na nta, imewaacha wazee wengi zaidi ya iliowasaidia.

#14 Kiziwi_Mafinga
Fundi, hayo ya betri ni kweli na ninayashukuru. Lakini ninaogopa hoja ya wingi. Kila mara sisi tunaotumia alama tunapohesabiwa, tunaonekana wachache, na wachache huambiwa wasubiri. Mzee aliyepoteza usikivu ukubwani ana Kiswahili chake kamili kichwani. Bibi wa #1 huenda hajawahi kuwa na mtu hata mmoja wa kuzungumza naye katika nyumba ile.

#15 Fundi_Usikivu
Sikukusudia wasubiri, ndugu yangu. Ninachosema ni kwamba ni semina mbili tofauti na zimebanwa katika siku mbili za semina moja.

#16 Kamwene_Iringa
Nami nimesahihishwa hapo #5 na ninakubali. Ila kuna jambo watu wanalizunguka. Semina ikiwa na posho, majina ya kuhudhuria huchaguliwa ofisini, na anayeogesha wazee hubaki kuogesha. Kwenu walikwenda nani hasa, dada?

#17 Mhudumu_Makambako
Asanteni wote, nimesoma kila neno. Ndugu Kamwene, kwetu walikwenda wanaoogesha, hilo halikuwa tatizo. Ila mkufunzi alikuwa anasikia, na hakuna mzee hata mmoja aliyeitwa ukumbini.

Jumamosi nilipewa ruhusa ya kugeuza kitanda. Sasa bibi akifungua macho anaona mlango. Tumekubaliana kwamba anayeingia asimame kwanza pale anapoonekana, apunge mkono, angoje bibi amtazame, ndipo asogee. Umeme ulipokatika Jumapili usiku nilimulika tochi usoni mwangu mwenyewe badala ya kummulika yeye, akanitambua na hakushtuka. Tangu siku hiyo hajampiga mtu, ingawa mwenzangu mmoja anasema bibi amenizoea mimi tu na kitanda hakihusiki. Inawezekana. Niliomba pia neno "mkorofi" lifutwe, nikaambiwa daftari la zamu halifutwi, basi nikaandika chini yake: "Ni kiziwi. Simama mbele yake kwanza." Lakini bado anakataa kuoga.

#18 Kiziwi_Mafinga
Yeye mwenyewe kuoga anakuitaje, kwa mikono yake? Mzee ambaye hakusoma shule ya viziwi huwa na alama za nyumbani, ambazo hazimo katika semina yoyote. Kuna ndugu yake anayezijua?

#19 Mhudumu_Makambako
Swali lako lilinifanya nimpigie simu mpwa wake aliyeko kijijini, akaja jana. Nilimwonyesha jambo ambalo bibi hulifanya kila asubuhi: husugua mkono wa kushoto kwa kiganja cha kulia mara mbili, kisha hunyoosha kidole dirishani. Kwa miezi yote hiyo nilidhani anawashwa ngozi na anataka dirisha lifunguliwe. Mpwa alisema kusugua mara mbili ndiyo kuoga, na kidole kile kinaonyesha jua. Nyumbani kwao alikuwa akioga jua likishapanda, kwa sababu ya baridi. Alikuwa anatuambia kila siku.

#20 Muuguzi_Mstaafu
Na jua linafika dirishani kwake saa ngapi majira haya, mwanangu?

#21 Mhudumu_Makambako
Saa tatu na nusu, mama. Ratiba yetu inataka wazee wote wawe wameshaoga ifikapo saa mbili. Kesho nina kikao na msimamizi.